Daftari Ndani ya Koti la Harusi

Koboko
Jumatatu, 20 Januari 2025

Mume wangu Muzamili,

Nimeandika "mume wangu", nikaweka kalamu chini, nikayatazama maneno hayo mpaka wino ukakauka. Tumeoana siku tisa tu, na sita kati ya hizo uko Arua. Hata hivyo, kama kuna mwanamke mwenye furaha kunishinda Koboko yote, basi anajificha vizuri.

Najua umepiga simu yangu ukaona imezimwa. Mama yako aliichukua siku uliyoondoka, akaifungia sandukuni. Anasema bi harusi wa nyumba hii hashiki simu wala havuki lango mpaka siku arobaini ziishe, maana akishika simu moyo wake unatangatanga mjini na mwili umebaki kitandani. Wewe ulilijua jambo hili, ukanyamaza, ukapanda gari ukicheka. Nitakulipiza. Kwa sasa nimechukua karatasi za shule za dada yako Sharifah, na Celestino, dereva wa gari la Arua, amekubali kuwa posta yetu. Nami nimeona kuna faida: kwenye simu nakugombania na watu mia nne wa kundi lako, lakini karatasi hii utaisoma ukiwa wangu peke yangu.

Kila siku wanawake wanakuja kunitazama. Wanakaa kitandani petu, wanashika mapazia, wanafungua makopo. Jana Kadijah, jirani, aliniuliza kazi yako. Mama akasema fundi wa simu. Mimi nikasema kiongozi. Nikaeleza kwamba kuna sarafu inaitwa Lulu, inakaa ndani ya simu, haina noti wala benki, watu wetu wanaitumia kuwapelekea pesa ndugu zao ng'ambo ya mpaka, Yei na Ariwara, na wewe ndiye unaongoza jumuiya yake eneo zima la West Nile, unafundisha, unapatanisha, unajibu maswali, yote kwa kujitolea.

Kadijah akasema, "Kujitolea ni nini? Bila mshahara?"

"Bila mshahara."

"Haya. Mume yangu alikaa jeshini miaka kumi na mbili, na hata yeye walikuwa wanampa sukari."

Walicheka sana, nami nikacheka, lakini moyoni nilikuwa najivuna. Nililala na koti lako la harusi limetundikwa ukutani mbele yangu. Bado lina harufu yako. Usiniambie mtu hawezi kulipenda koti, maana nimejaribu na nimeweza.

Wako, na ninaandika hivyo kwa mara ya kwanza,
Zulaika


Onduparaka, Arua
Alhamisi, 23 Januari 2025

Zulaika wangu,

Celestino alinikabidhi barua yako mbele ya wateja, akasema kwa sauti, "Fundi, hii inanukia marashi." Nikaificha chini ya meza ya kutengenezea simu, na simu ya mteja mmoja nikaifunga bila kuirudishia betri. Alirudi kunigombeza. Sikusikia alichosema.

Samahani kwa habari ya simu. Niliogopa kukuambia kwa sababu ungelia, na mimi ningebaki Koboko, na kibanda kingefungwa. Chumba chetu hapa nimekipaka rangi ya maji ya bahari, ingawa bahari yenyewe sijawahi kuiona. Majirani wote wanashinda wakibishana kuhusu mpira, lakini utazoea. Nimenunua vikombe viwili. Mimi nanywea kimoja, cha pili kinakungoja.

Kuna jambo linanichosha kidogo, nakuambia wewe maana sasa nina wa kumwambia. Kuna mtu wa Abuku, anaitwa Swaka, mkulima wa tumbaku. Aliingia kwenye kundi letu mwaka jana, na tangu hapo hajawahi kusifu kitu. Mafunzo yakichelewa, anaandika. Tafsiri ikiwa na kosa, anaandika. Jumanne aliandika mbele ya watu wote: "Kiongozi anatufundisha kila mtu ashike maneno yake kumi na mawili, asimpe mtu. Naomba aseme, yeye mwenyewe ameshika maneno ya wangapi?"

Nikukumbushe maneno hayo ni nini, ili ukiulizwa uweze kujibu. Mtu akifungua mkoba wa Lulu kwenye simu, anapewa maneno kumi na mawili ya siri. Simu ikipotea, maneno yanaurudisha mkoba. Lakini mwingine yeyote akiyapata, mkoba ni wake. Ndiyo somo letu la kwanza.

Nilimjibu: "Sijashika ya mtu hata mmoja." Watu wakanitetea. Yeye akaandika, "Nimesikia," basi. Neno hilo moja limeniudhi kuliko matusi.

Miaka mitatu, Zulaika, najibu maswali ya watu, wenzangu wakiwa wamelala na mimi niko macho. Halafu mtu anakuuliza swali kama hilo.

Mume wako (na mimi nimelitazama neno hili),
Muzamili


Koboko
Jumapili, 26 Januari 2025

Kipenzi changu,

Nimevisoma vile vikombe viwili mara kumi. Kuhusu rangi ya maji ya bahari sina la kusema, nitaiona nikifika.

Lakini huyo Swaka. Nani amempa ruhusa? Namuona kabisa: mtu mrefu, mwenye shingo ya batamzinga, anakaa kivulini huku mkewe analima tumbaku, anatafuta makosa ya watu kwenye simu. Angekuja hapa ningemmwagia maji ya kuoshea vyombo. Wewe uliyeacha chakula kwenye karamu yetu ya harusi kwenda nyuma ya jiko kumweleza mzee mmoja namna ya kufungua simu. Nilikuona. Nilikasirika dakika tano, kisha nikakupenda upya.

Mtoeni. Kundi si lenu? Mtu akija nyumbani kwako akakuita mwongo mbele ya wageni, unamwonyesha lango. Mwambie yule mwenzako Annet, anayewaandalia mikutano, kwamba mke wa kiongozi amesema hivyo.

Mama anasema uso wangu umeanza kung'aa. Nikamwambia ni hasira.

Wako mwenye maji ya vyombo mkononi,
Zulaika


Onduparaka, Arua
Jumatano, 29 Januari 2025

Zulaika,

Nilimsomea Annet kipande cha batamzinga. Alicheka mpaka akaacha cherehani. Kisha akasema una haki, kiongozi akichafuliwa jina jumuiya nzima inachafuka. Ameita mkutano wa sisi kumi na mmoja tunaojitolea, Jumapili tarehe 9 Februari, dukani kwake, tupige kura ya kumtoa Swaka kwenye kundi. Mwenyewe ameitwa aje ajieleze.

Sina hamu na kura hiyo, lakini nitafanya nini. Jambo limeshatembea.

Nakuomba kitu kidogo. Koti langu la harusi usiliguse, wala Mama asilifue. Liache hapo ukutani. Nitalipeleka kwa dobi mimi mwenyewe.

Nakuwaza ninapofungua simu za watu, ninapozifunga, na katikati.

Muzamili


Koboko
Jumamosi, 1 Februari 2025

Muzamili,

Barua yako ilifika jana saa nne. Koti lilikuwa limeshaguswa saa tatu.

Nakueleza kama ilivyotokea. Wanawake tisa walikuwa chumbani wanakunywa chai. Sharifah akataka kuwaonyesha ulivyocheza siku ya harusi, akalivaa koti lako, mikono inapita vidole, akacheza vile unavyocheza, kama mtu anayetafuta kitu alichodondosha. Tulikuwa tunajipiga mapaja kwa kicheko. Ndipo daftari la kijani likaanguka kutoka mfuko wa ndani.

Kadijah akalidaka. "Barua za mapenzi," akasema. "Bi harusi, ngoja tusikie mume yako anaandikia nani." Akafungua ukurasa wa kwanza akasoma kwa sauti ya redio: "Hajara. Chungu, mvua, ngazi..."

Nililinyakua. Sijui nilivyoruka, nilikuwa nimekaa upande wa pili wa kitanda. Walidhani naona wivu, wakacheka zaidi. Kadijah akasema, "Hata si mapenzi, ni orodha ya sokoni."

Lakini Haboba Hajara alikuwepo, bibi yetu sote wa mtaa huu, amekaa karibu na mlango na chai yake. Hakucheka. Alisema taratibu kabisa, kama mtu anayeongea juu ya sufuria yake: "Hiyo iko amana yangu. Muzamili ameniwekea. Weka vizuri, binti yangu."

Nimelihesabu daftari kwa kupitisha kidole pembeni, nikaona majina ya juu tu, maneno sikuyasoma. Nimeona kurasa kumi na tisa zina majina.

Sitakuuliza kama umechukua kitu cha mtu. Nikiuliza swali hilo nitakuwa nimeolewa na mtu nisiyemjua. Nakuuliza lingine. Kwa nini ulimwandikia Swaka, "Sijashika ya mtu hata mmoja"? Na mimi nimesema atolewe.

Daftari liko chini ya mto wangu. Sikulala vizuri.

Zulaika


Onduparaka, Arua
Jumanne, 4 Februari 2025

Mke wangu,

Nimeanza barua hii mara nne. Ya kwanza ilikuwa inamlaumu Sharifah. Ya pili Kadijah. Ya tatu ilikulaumu wewe, nikaichana kwa aibu. Hii ni ya nne.

Ilianza miaka miwili iliyopita, Lurujo, kwenye mafunzo yetu ya wazee. Nilisimama nikawaambia kama ninavyoambia watu wote: maneno haya kumi na mawili usimpe mtu, hata mtoto wako, hata mimi. Somo likaisha. Haboba Hajara, aliyekuwa amekuja kumsalimia dada yake huko, akanifuata nikikunja waya. Akanipa karatasi aliyoandikiwa na mjukuu. Nikamwambia, "Haboba, nimesema hata mimi usinipe." Akasema, "Ndiyo, nimesikia. Mwizi hawezi kusema usinipe. Wewe umesema, kwa hiyo shika."

Zulaika, ungemjibu nini? Unajua watu wetu. Babu zetu wakiitwa vitani, sanduku linaachwa kwa mtu mmoja mwenye jina, na hakuna anayemuuliza ana nini ndani. Kukataa amana ya mzee ni kumwambia mbele ya watu kwamba humheshimu, au kwamba wewe mwenyewe unajijua huaminiki. Nikashika. Wiki iliyofuata wakaja watatu. Waliposikia Haboba ameweka kwangu, wakawa saba, wakawa kumi na tisa. Hawasomi, nyumba zao zina wajukuu, nyumba zinavuja. Sijagusa mkoba wa mtu. Nilitembea na daftari kila mahali kwa sababu niliogopa kuliacha. Siku ya harusi lilikuwa kifuani mwangu nikiapa, na asubuhi ya safari nililisahau kwa sababu yako, kwa sababu uliniita nirudi nikuage mara ya pili.

Kwa nini nilimjibu Swaka vile? Kwa sababu watu mia nne walikuwa wanatazama, na swali lake lilikuwa sahihi.

Nakuomba lifiche mpaka Jumapili ipite. Swaka akishatoka, nitakuja nilirudishe kwa kila mzee kimyakimya, bila wao kuaibika na bila jumuiya kuvunjika. Nikisema ukweli sasa watu watasema Lulu yote ni uongo, na kazi ya wenzangu kumi itaharibika kwa sababu yangu. Nadhani unaona.

Nadhani unaona, sivyo?

Muzamili


Koboko
Alhamisi, 6 Februari 2025

Muzamili wangu,

Bado ni wangu, usiogope. Hata jina lako nimeliandika kwa mwandiko mzuri.

Nimefurahi uliniambia habari ya Haboba na "kwa hiyo shika". Nilicheka peke yangu, nikasikia nakupenda tena, kama siku ile nyuma ya jiko. Mimi pia ningeshika. Nakuapia, ningeshika na kumbusu mkono.

Lakini sikiliza. Mwezi huu wanawake wasiopungua arobaini wameingia chumba hiki. Wote wamekaa karibu na koti hilo. Kadijah amesoma maneno matatu ya Haboba kwa sauti, na tusingekuwa na bahati angesoma yote kumi na mawili, na wote tungesikia, na hakuna hata mmoja wetu angekuwa mwizi kabla ya siku hiyo. Hapo ndipo nilipomwelewa Swaka. Hakuuliza kama wewe ni mbaya. Aliuliza wangapi.

Mimi ndiye niliyesema atolewe. Nilisema hivyo kwa sababu nakupenda, na wewe ukampelekea Annet, naye akaita kura. Kwa hiyo nina sehemu yangu. Narudisha kauli yangu yote, batamzinga pia.

Daftari nitalificha vizuri, si mpaka Jumapili, bali mpaka lirudi kwa wenyewe, maana ukurasa ukipotea mzee amepoteza mkoba. Hilo nimekubali. Lakini sikuahidi kwamba nitakuwa na furaha Swaka akitolewa. Mume wangu, Jumapili mtu mmoja atatoka dukani kwa Annet akiwa ameitwa mwongo. Wewe na mimi tunajua ni nani alisema kweli.

Sikuamuru. Mama anasema mke wa wiki nne haamuru. Ila nakuambia nitakachofanya. Ukirudi kiongozi, nitakufungulia lango. Ukirudi huna cheo, nitakufungulia lango kwa mikono miwili.

Zulaika


Koboko
Jumatatu, 10 Februari 2025, asubuhi

Muzamili,

Andika haraka. Sharifah amefungua kundi kwenye simu yake, anasema jina lako halipo. Si kwamba huna cheo, humo kabisa. Umetoka. Swaka yumo, na watu wanaandika mambo ambayo Sharifah amekataa kunisomea. Neno moja tu limemponyoka: "mwizi mstaarabu". Mama amepiga simu yako mara sita, imezimwa.

Wamekufukuza, na ni kwa sababu yangu. Mimi niko hapa nimepakwa mafuta mazuri kama sanamu, siwezi kuvuka lango, na wewe uko peke yako katika chumba cha rangi ya bahari. Kama unakula, kula. Kama umelala sakafuni, panda kitandani. Nimemwambia Celestino asikuache mpaka umejibu.

Wako, wako, wako,
Zulaika


Onduparaka, Arua
Jumatatu, 10 Februari 2025

Mke wangu mpenzi,

Celestino amesimama mlangoni amekunja mikono, anasema ameamriwa. Nimemuonyesha barua niliyokuwa nimeshaianza. Hii hapa.

Sijafukuzwa. Nimetoka mwenyewe kwa wiki moja, na simu nimeizima. Watu wana haki ya kunisema bila kuona kwamba niko hapo nasoma. Mtu akijua unasoma, anapunguza, na wakipunguza sasa watanidai baadaye.

Tulikaa kumi na mmoja dukani, katikati ya magauni ya watu. Swaka alikuja wa mwisho. Ni mfupi, Zulaika. Amevaa shati la Ijumaa, amechana nywele kwa maji, mikono ina madoa ya tumbaku. Alikaa karibu na mlango kama mtu anayejua atatolewa na hataki kusumbua watu kupita.

Annet akasema, "Kiongozi, anza." Nilikuwa na barua yako mfukoni na hotuba yangu mkononi. Nikaweka hotuba chini. Nikasema, "Swaka aliuliza wangapi. Ni kumi na tisa. Nilipojibu hakuna, nilisema uongo."

Nilisikia pikipiki zikipita. Kisha Swaka mwenyewe akasema, kwa mshangao kabisa, "Kumi na tisa? Mimi nilijua watatu tu. Mmoja ni shangazi yangu wa Lurujo."

Annet ndiye aliyeniumiza. Hakunitukana. Alisema, "Nimegombana na dada yangu kwa ajili yako. Nilimwambia Muzamili hawezi kufanya hivyo." Akainuka akaenda kukunja vitambaa ambavyo vilikuwa vimekunjwa.

Niliandika ukweli wote kwenye kundi mbele yao, nikajiuzulu uongozi. Wengine wanasema hawatatumia Lulu tena. Tumepoteza watu thelathini na wawili kufikia jioni. Niliogopa jambo hili, na limetokea, na ni kosa langu, si la aliyeuliza. Walitaka Swaka aongoze. Akakataa, akasema yeye akiwa mkubwa nani atauliza maswali. Annet anashika kwa sasa.

Wameamua hivi. Kwa kuwa nimeyaona maneno ya wazee, hayafai tena. Kila mzee atafunguliwa mkoba mpya wenye maneno mapya, kilichomo kihamishiwe huko, na mimi nisiwepo. Annet na Swaka watakuja Koboko Ijumaa. Wazee wataitwa kwetu, maana wewe hutoki na daftari liko kwako. Wameniuliza nani pale nyumbani anaweza kuwasaidia kama mtu wa kujitolea. Nikasema mke wangu amemaliza kidato cha nne, na ana kauli.

Nimekula. Nimelala kitandani. Wanasema nimeanguka, lakini jana usiku nililala kama mtoto, jambo ambalo sikulifanya kwa miaka miwili. Ni aibu kusema hivyo, kwa hiyo nakuambia wewe tu.

Muzamili, fundi wa simu


Koboko
Jumapili, 16 Februari 2025

Fundi wangu wa simu,

Imekwisha. Wote kumi na tisa. Nina sauti ya chura na miguu imevimba, na nina mengi ya kukuambia.

Swaka alikaa ukumbini, mimi nyuma ya pazia, kwa sababu ya arobaini. Nilisema, "Mimi ndiye niliyesema utolewe. Nisamehe." "Dada," akasema, "Annet alinisimulia kile kipande cha batamzinga. Nimekipeleka nyumbani. Mke yangu sasa ananiita hivyo." Nilitamani pazia linimeze. Siku mbili nzima aliwachotea wazee maji ya kunywa na hakukosoa kitu, isipokuwa namna Annet alivyopanga viti.

Wazee hawakufurahi, sikufichi. Mzee Jale, yule askari mstaafu, aliuliza, "Muzamili amekuwa mgonjwa? Mbona anarudisha amana ya watu?" Bibi mmoja wa Lurujo alisema umeona mali yao ni ndogo, huitaki. Hakuna aliyeuliza kama umeiba. Wote walidhani umewakataa. Nilieleza mpaka ulimi ukakauka: hawakataliwi, ila kitu kikikaa mfukoni mwa mtu mmoja, koti moja linatosha kuwaangamiza wote. Niliwaambia habari ya Sharifah kucheza na koti. Hiyo waliielewa kuliko mafunzo yako yote ya miaka mitatu. Usikasirike.

Annet amerekodi kwa sauti yake maneno yote yanayoweza kutoka, simu inachagua kumi na mawili na kuyasema kwa Kiswahili sikioni mwa mtu, moja moja. Mzee anaingia chumbani petu peke yake, anafunga mlango, anasikiliza, anachora picha ya kila neno kwenye karatasi yake. Kisha anaificha anakojua mwenyewe. Nimeona karatasi zimeingia ndani ya vilemba, ndani ya kava la msahafu, na moja ndani ya mguu wa bandia wa Mzee Jale. Hiyo usiiseme popote. Ona, na mimi nimeshaanza kushika siri za watu.

Haboba Hajara alitaka awe wa mwisho. Aliingia, akatoka mara moja, akaniwekea simu mkononi. "Andika wewe," akasema. "Mikono yangu inatetemeka. Wewe bi harusi, huna fitina."

Muzamili, nilielewa kwa mwili wote ulichosikia wewe siku ile ukikunja waya. Ana miaka themanini. Alinishika kidevu. Mama alikuwa ananitazama, na bi harusi wa nyumba hii hamkatalii Haboba hata chai ya tatu.

Nikasema, "Haboba, sitaandika."

Mama akasema, "Zulaika."

Nikasema tena, "Sitaandika. Hata mimi nina koti." Nikapiga magoti, nikamrudishia simu kwa mikono miwili, nikamwambia nitakaa nje ya mlango, nimempa mgongo, mpaka amalize hata ikiwa ni kesho.

Aliingia akafunga. Ilichukua saa nzima na nusu. Nilisikia kalamu, nilisikia akisema "ee, hii nitachora namna gani", mara moja nilimsikia akicheka peke yake kwa neno alilopewa, na sitalijua neno hilo maisha yangu yote. Akatoka na karatasi ndani ya nguo, kifuani, uso mkavu. Akachukua ukurasa wake wa zamani kutoka kwenye daftari, akauchana vipande vidogo, kisha akamwambia Mama, siyo mimi, "Huyu msichana iko na kichwa ngumu." Mama akasema ndiyo, tumemwona.

Sijui kama amekusamehe. Nilimuuliza akiwa langoni, nikiwa upande huu na yeye upande ule. Aliniambia nikufikishie hivi: Alhamisi ukifika, uwazungukie wazee wote kumi na tisa kwa miguu, uombe radhi mlango kwa mlango, na kwake usianzie. Upite kwake mwisho kabisa, ili usiwe na pa kukimbilia akianza kukusema. Anasema chakula atapika kingi, maana maneno yenyewe ni marefu.

Alhamisi ni siku yangu ya arobaini. Nitavuka lango pamoja na wewe, na nyumba zote hizo kumi na tisa nitakwenda nawe. Kwa Haboba utaingia peke yako. Mimi nitakaa nje kwenye kibaraza chake, na nitakusubiri hata akikushika mpaka adhana ya magharibi.

Mke wako,
Zulaika